Chumba cha Rangi ya Asali

Trudi Hoekzema alikuwa na tabia ya kupapasa vitu. Akiingia mahali, kabla hajasalimia watu vizuri, mkono wake ulikwisha kufika ukutani, ukashuka kwenye kitasa, ukapita chini ya meza kutafuta ufa. Ndiyo kazi aliyoifanya miaka yote pale Grand Rapids: kuchora vyumba vya hospitali na kuchagua vitu vya kuvijengea. Sakafu hii isiyoteleza. Reli ile ya shaba ambayo vijidudu vya maradhi havidumu juu yake. Dari linalonyonya makelele ili mgonjwa apate usingizi. Basi siku ile ya Februari, alipoingia wodi ya wazazi, aliyoichora yeye mwenyewe, kumtazama mjukuu wake wa kwanza, mkono ulimtangulia kama kawaida. Akapapasa ukingo wa sinki. Hauna kiungo, hauna pa kujificha uchafu. Akaridhika.

"Mama," akasema binti yake Annelise kutoka kitandani, "umekuja kumwona Joris au umekuja kukagua?"

"Nimekuja kumwona Joris."

"Basi Joris hayupo kwenye sinki."

Trudi akacheka, akavua koti lake zito lenye theluji mabegani, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Joris alikuwa amelala kwenye kitanda chake cha magurudumu, pembeni kabisa, karibu na dirisha na kochi la baba. Alikuwa amezaliwa juzi kwa upasuaji, ndiyo maana mama yake alikuwa bado anashikilia tumbo kila akicheka. Baba mtu, Derrick, alikwenda nyumbani kulisha mbwa na kufunga kiti cha mtoto ndani ya gari, maana kesho waliambiwa wangeruhusiwa.

"Amenyonya?"

"Kidogo. Akishika titi analala. Ninamtekenya nyayo, analala. Lakini ni mtulivu, Mama, hujapata kuona. Tangu asubuhi hajalia. Mama yake Derrick anasema amekaa kama mzee wa kanisa."

Kwa watu wao hiyo ni sifa kubwa. Wao ni watu wa kutosumbua. Mtu wa kwao akivunjika mguu atakwambia anahisi umeteguka kidogo, na tafadhali usiache chakula chako kipoe kwa ajili yake. Mtoto wa kwao akitulia, ukoo mzima unajipongeza.

Trudi akainama. Mjukuu alikuwa mzuri, midomo kama ya Annelise alipokuwa mchanga, ngozi imeiva vizuri kama pichi. Chumba chote kilikuwa kimeiva hivyo. Kuta alizipaka rangi ya asali, pazia ni rangi ya ngano, na taa zilikuwa zimejificha kwenye kingo za dari zikimwaga mwanga wa jua linalotua. Katika wodi nyingine taa zake zilifuata saa: asubuhi nyeupe, jioni zikaiva polepole. Lakini kwa wazazi alikataa. Mama aliyejifungua, aliwaambia wakubwa wa hospitali, hana asubuhi wala jioni, analala vipande vipande. Mwacheni akae jioni kutwa. Wakamwachia afanye hivyo. Na kweli, kila aliyeingia humo alishusha mabega. Akina mama walilala. Manesi walisema hata vichwa vimeacha kuwauma. Habari zikaenea, na alasiri ile ile wageni walikuwa wanakuja kutoka hospitali za mbali kuiona wodi, Trudi mwenyewe ndiye wa kuwatembeza.

Akatoa kofia kwenye mfuko. Aliifuma kwa sufu nyeupe. Dukani alikuwa amefungua mabunda matano ya sufu mlangoni penye mwanga wa nje, mwenye duka anamtazama kwa hasira, mpaka akapata nyeupe isiyo na doa la krimu wala la buluu. Nyeupe tupu. Akamvalisha Joris taratibu, akarudi nyuma hatua kidogo kumtazama.

Kofia ilikuwa rangi ya siagi.

Wazo la kwanza likawa kwamba ameibiwa. Mwenye duka amembadilishia bunda kwenye kaunta. Akaigeuza ukingo, akaitazama upande wa ndani. Siagi. Akachukua leso ya karatasi kutoka kwenye boksi, akaiweka kando ya kofia. Nayo siagi. Akasogea dirishani. Nje theluji ilikuwa imejaa juu ya magari na juu ya vichaka, theluji mpya ya asubuhi, na kupitia kioo kile nayo ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyopikwa na sukari. Kioo alikuwa amekichagua yeye, chenye utando wa kupunguza mng'ao usiwaumize macho wazazi.

Akasimama hapo na leso mkononi. Kama nyeupe si nyeupe, akajiuliza, je, hiyo pichi ni pichi?



Watu wa kazi yake wana desturi moja. Kabla ya kujenga wodi, hujenga kwanza chumba kizima cha maboksi ndani ya ghala, kwa ukubwa wake kamili, kitanda cha maboksi, sinki la maboksi, mlango wa maboksi. Halafu wanawaita manesi na madaktari wa kweli waje waigize. Wewe mgonjwa, wewe mzazi, wewe umekuja na kitoroli na kimekwama. Wakigongana, ukuta unakatwa kwa kisu na kusogezwa pale pale. Hivyo ndivyo walivyokiondoa kitanda cha mtoto katikati ya chumba na kukipeleka pembeni, manesi wapate pa kupita. Na mtoto wao ghalani alikuwa mwanasesere wa plastiki mwenye mashavu mekundu. Walimzalisha, wakamnyonyesha, wakamkimbiza mlangoni kana kwamba moto umewaka. Aliangushwa mara moja wakacheka sana. Taa za asali zikawashwa juu yake, na kila mtu akasema jamani, anavyopendeza. Angekosaje kupendeza? Plastiki haiugui.

"Mama, una nini? Umekuwa kama umeona mwizi."

"Annelise, walimpima ugonjwa wa manjano?"

"Siku ya kwanza. Walimwekea kile kidude kwenye paji la uso. Wakasema hana shida. Watampima tena kesho kabla hatujaondoka."

"Na leo?"

"Leo wanamtazama tu. Nesi alimtazama asubuhi, akasema ana rangi nzuri." Annelise akajiinua kwa kiwiko, akakunja uso kwa maumivu ya mshono. "Mama. Usianze."

"Sijaanza."

"Unaanza. Nakujua. Harusini kwangu ulitumia nusu saa kutafuta taa inayopepesa."

"Na niliipata," akasema Trudi, lakini bila kucheka.

Simu yake ikatetemeka. Alikuwa Marvin Tuinstra, mkurugenzi wa hospitali, mtu waliyesali naye kanisa moja tangu ujana. "Dada Trudi, wageni wako chini wanakunywa kahawa. Tunapanda sasa hivi. Umejiandaa?"

"Marvin, nipe muda kidogo."

"Wa nini? Wewe simama tu, chumba kitajieleza chenyewe." Akakata.

Trudi akaitazama kengele ya kumwita nesi iliyoning'inia kando ya mto wa Annelise. Ilikuwa karibu, mkono tu. Lakini mkono ule uliozoea kupapasa kila kitu ukakataa kwenda. Akabonyeze aseme nini? Kwamba wodi inayosifiwa mjini kote inadanganya macho? Kwa ushahidi gani, kofia? Na kama mtoto hana neno, kesho kanisani watamwambia kwa upole, wakimpa peremende, kwamba wajukuu wa kwanza humchanganya mtu akili. Na kama ana neno? Manjano ikipanda ikamfikia mtoto mchanga kwenye ubongo, ikitoka haiachi kitu kama ilivyokikuta. Watu wa kale walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Lakini hapa hakuna mtu aliyeficha. Chumba ndicho kilichokuwa kinaficha, na chumba hakina aibu.

Akabonyeza.

Nesi aliyekuja aliitwa Yolanda Ybarra, mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka, kalamu imechomekwa kwenye nywele. "Ee, Bibi Joris! Umeshafika. Usiniambie umepata vumbi."

"Yolanda, naomba tumsogeze mtoto chini ya taa ya uchunguzi."

"Ile iliyo juu ya kitanda cha mama?"

"Ndiyo. Haimfikii pembeni hapa."

"Amelala vizuri, Bibi. Ukimwashia taa ile usoni atatuchukia mpaka aoe."

"Naomba."

Yolanda akamtazama vizuri. Akapunguza kucheka. "Unaona nini?"

"Sioni kitu. Ndilo tatizo. Tazama hii kofia. Ni nyeupe."

"Hii? Hii ni krimu."

"Ni nyeupe, Yolanda. Nimeifuma mwenyewe."

Nesi akaivua kofia, akaipeleka mlangoni, akaipeleka koridoni, kwenye mwanga ule ule wa asali, akarudi nayo. Kisha akatoa kalamu nywelani bila sababu yoyote, akairudisha. Akakanyaga kifungo cha gurudumu, akakisukuma kitanda mpaka kando ya mama.

"Fumba macho, Annelise," akasema, akawasha.

Mwanga mweupe ukashuka kama ndoo ya maji. Kuta zikaonekana za kawaida, pazia likaonekana na mikunjo, Annelise akaweka mkono usoni. Na Joris, ambaye dakika ile tu alikuwa pichi, akawa wa manjano. Uso, shingo, kifua. Yolanda akafungua vifungo vya nguo, akabonyeza kwa kidole juu ya kidari, akaachia. Pale kidole kilipotoka pakabaki alama ya manjano kabla damu haijarudi. Akabonyeza tumboni. Manjano. Akabonyeza paja. Manjano. Akamfunua kope. Mtoto hakulia. Alikunja midomo kidogo, akaendelea kulala, na usingizi ule uliokuwa unasifiwa tangu asubuhi ukawatisha wote watatu.

"Mungu wangu," akasema Yolanda taratibu. "Asubuhi nimemtazama kwa macho yangu haya mawili."

"Ana nini?" Annelise akauliza. "Mama? Ana nini?"

Kipimo cha paji la uso kililetwa, kikasoma namba, Yolanda akakiweka tena kana kwamba kimekosea, kikasoma ile ile. Daktari akaitwa. Akaja mwingine kumtoboa kisigino, damu ikajaa kwenye mrija mwembamba, ikapelekwa maabara mbiombio. Daktari akasema maneno machache tu: iko juu, iko juu sana, tusisubiri jibu, tumweke kwenye taa za buluu zinazoshusha manjano sasa hivi, na chumba cha watoto mahututi kiambiwe kijiandae endapo itabidi kumbadilisha damu. Annelise aliposikia kubadilishwa damu akaanza kushuka kitandani na mshono wake, wakamzuia wawili.

Trudi alikuwa ameegemea ukuta. Ulikuwa laini mgongoni, rangi isiyonuka, isiyotoa sumu, inayofutika kwa maji na sabuni. Aliipigania rangi ile mwaka mzima. Ndipo fikra ikamjia, ikamnyoosha wima. Wodi ile ina vyumba kumi na kimoja.

Akatoka.

Koridoni Marvin Tuinstra alikuwa anakuja na wageni, watu kama saba waliovaa beji, nyuso zimekwisha kulainika kwa mwanga. "Na huyu ndiye," alikuwa akisema, "huyu ndiye fundi wetu mwenyewe, Bi Trudi Hoekzema. Dada Trudi, tuanzie wapi?"

"Marvin, njoo hapa."

"Mbele ya wageni?"

"Njoo."

Akamvuta kando ya kabati la mashuka, akamweleza kwa maneno ya haraka. Tuinstra hakuwa mtu mbaya. Alipauka, akauliza kwanza mtoto anaendeleaje. Kisha akatazama wageni, akashusha sauti. "Sawa. Watoto wote wapimwe. Lakini wapimwe kimyakimya. Nipe saa moja, niwatembeze, niwashushe kwenye chakula, halafu tuwashe taa unazotaka. Saa moja, dada. Watoto hawa wamekaa humu siku mbili, saa moja itawafanya nini?"

"Sijui itawafanya nini. Na wewe hujui."

"Utawatia hofu wazazi kumi na mmoja."

"Nina hofu mimi. Kwa nini niwe nayo peke yangu?"

"Trudi, fikiria jina lako. Kazi ya miaka yote."

Aliifikiria. Hakuna haja ya kusema uongo, aliifikiria kabisa, pale pale, na mtoto wa binti yake akiwa nyuma ya mlango anatobolewa. Alifikiria picha za wodi ukutani kwake ofisini, na ile sauti ya watu wakiingia na kusema aah. Halafu akatoa tableti yake kwenye mkoba, ile aliyotumia kuziongoza taa za jengo zima, akateua wodi ya wazazi, akasukuma alama kwa kidole kutoka mwisho huu hadi mwisho ule.

Wodi ikawa nyeupe.

Mlango hadi mlango kelele zikapanda. "Jamani, taa!" "Nani amewasha?" Watoto wakaamka wakalia, baba mmoja akatoka na soksi akiuliza kama kuna moto. Wageni wakafunika macho kwa makaratasi yao. Trudi akasimama katikati ya korido.

"Nisikilizeni," akasema. Kelele zikaimeza sauti yake. Akasema tena. "Nisikilizeni. Mimi ndiye niliyechagua taa hizi na kuta hizi. Zinapendeza, lakini zinaficha manjano ya watoto. Mjukuu wangu anayo na hatukuiona. Tafadhali, kila mtoto avuliwe, atazamwe sasa hivi kwenye mwanga huu, na apimwe kwa kipimo. Msiwaamini wanaotulia, manjano ndiyo huwalaza. Anzeni na wanaotulia."

Kisha Yolanda akatoka chumbani kama mshale, kipimo mkononi, akiita wenzake kwa majina, na milango ikaanza kufunguliwa. Tuinstra akabaki ameshika shingo yake. Mama mmoja katika wageni, kutoka Toledo, alimsogelea Trudi polepole.

"Rangi hii ya ukutani," akauliza, "ndiyo ile iliyo kwenye kitabu chenu cha vielelezo? Na taa ni hizi hizi?"

"Ni hizi hizi."

"Sisi tumefungua mwezi uliopita." Akawa tayari ameshika simu, anatafuta namba, vidole vinakosea. "Vyumba kumi na vinne. Mungu wangu. Kumi na vinne." Akaenda dirishani akiwa na simu sikioni, akisema, nipe zamu ya wazazi, haraka, hapana, usinishikilie kwenye laini.

Katika vyumba vile kumi na kimoja walipata mmoja mwingine, binti wa chumba cha nne. Yeye hakuwa amefika alikofika Joris. Mama yake alikuwa anafunga mizigo ya kurudi nyumbani.

Jibu la maabara la Joris lilikuwa ishirini na mbili. Daktari alisema ikigusa ishirini na tano watambadilisha damu. Wakamvua, wakambakisha na nepi tu, wakamfunga kitambaa machoni, wakamlaza ndani ya kisanduku cha kioo, kwenye mwanga wa buluu uliompiga juu na chini. Annelise akaletwa kwa kiti cha magurudumu. Alikaa ameingiza mkono kwenye tundu la kisanduku, kidole chake kimegusa goti la mtoto, amempa mama yake mgongo. Trudi alisimama nyuma. Nje giza la Februari likaingia mapema kama linavyoingia, magari ya kusukuma theluji yakapita.

Baada ya muda mrefu Annelise akasema, bila kugeuka, "Ulijua?"

"Sikujua."

"Lakini ni wewe uliyechagua."

"Ni mimi niliyechagua."

"Nilikuwa nawaambia watu," akasema Annelise. "Kila aliyekuja. Nilimwambia, mama yangu ndiye aliyekifanya chumba hiki. Kina utulivu, eti." Akafuta pua kwa nyuma ya mkono. "Nikamwacha alale, Mama. Nilifurahi kwamba analala."

Trudi akavuta kigoda, akakaa, mabega yao yakagusana. Annelise hakujisogeza.

Saa za chakula cha jioni wakaja kumtoboa tena kisigino. Joris alikunja mguu, akanywea, akapanua kinywa, na safari hii akalia. Alilia kilio kikali, cha hasira, uso wote umekunjamana chini ya kitambaa, miguu inapiga. Yolanda, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha na hakuondoka, akasema, "Tukana, baba, tukana, una haki." Annelise akacheka na kulia kwa pamoja, ameshika mshono.

Kisha wakangoja. Hakuna aliyekula. Yolanda alikwenda mwenyewe maabara kulifuata jibu badala ya kungoja lije kwenye kompyuta, wakasikia viatu vyake vikirudi koridoni, haraka, halafu vikapunguza mwendo karibu na mlango, na Trudi akashika ukingo wa kiti cha binti yake kwa mikono miwili.

"Ishirini na nusu," akasema Yolanda. "Bado iko juu. Atakaa hapa kesho na kesho kutwa, na mtachoka kuniona. Lakini inashuka."

Annelise akalaza paji la uso kwenye kisanduku. Trudi akasimama, akatoka koridoni penye mwanga mweupe uliomwonyesha kila mtu uchovu wake. Tuinstra alikuwa ameketi kwenye benchi, tai mfukoni, simu pembeni.

"Hospitali nyingine ngapi zina taa hizi?" akamwuliza.

"Ukitoa Toledo, tatu."

"Umezipigia?"

"Nilikuwa nangoja jibu la Joris."

"Haya," akasema Tuinstra, akasogea kumpa nafasi kwenye benchi. "Piga ya kwanza. Mimi nitapiga ya pili."

Akaketi, akapiga. Upande wa pili ikalia kwa muda, kisha sauti changamfu ya kijana wa zamu ya jioni ikapokea, ikasema karibu wodi ya wazazi, huku kwetu kumetulia kabisa, tukusaidie nini?